Kisima cha mama mkwe kiliua injini yangu: nilivyopanga bajeti ya kuifufua

Wakuu, salaam zenu popote mlipo.

Kilichoiua injini ya gari langu ni maji ya kisima cha mama mkwe wangu. Si oili, si mwendo kasi, si petroli mbovu. Maji. Na aliyekuwa akiyatia kila asubuhi, kwa jagi la plastiki, ni mimi mwenyewe.

Najua humu kuna watu wenye magari ya zamani wanaofikiria kufungua injini na hawajui waanzie wapi. Nilikuwa huko. Nilisoma nyuzi nyingi, na nusu yake zilikuwa za watu wakisema "uza hilo chuma" halafu wanaondoka. Basi naandika nilivyopita mimi, kwa mpangilio, na yote nitakayosema niliyaona kwa macho yangu au niliambiwa nikiwa nimesimama hapo.

Sitatia chumvi. Ya kutosha ilikuwa ndani ya injini.

Sasa nirudi nyuma.

Mimi ni karani kwenye yadi ya makasha huko Changamwe. Naishi Mwandoni, Kisauni, kwenye kiwanja cha wakwe zangu. Mbele kuna nyumba kubwa ya mama mkwe, Bi Zuhura. Nyuma kuna nyumba yetu ya vyumba viwili. Katikati kuna kisima.

Gari ni station wagon ya petroli, silinda nne, na umri wake umeipita ndoa yangu kwa mbali. Lakini asiyelijua hilo gari asilicheke, maana ndilo linalotulisha.

Mke wangu, Mwanahamisi, hupika chakula cha mchana cha wafanyakazi wa karakana moja kubwa huko Chaani. Wali, maharagwe ya nazi, mchicha, na Ijumaa samaki wa kupaka. Anapika nyumbani, anapakia masufuria nyuma ya gari, anaendesha mwenyewe mpaka Chaani. Mapatano yake na msimamizi ni kwamba chakula kifike cha moto kabla ya adhuhuri, kila siku ya kazi, kwa usafiri wake yeye. Akishindwa, kazi anapewa mwengine, na wanaoitaka wapo.

Hiyo kazi ndiyo karo ya watoto wetu. Mshahara wangu unashughulikia yaliyobaki.

Hapo mnielewe vizuri, kwa sababu kila uamuzi utakaofuata ulipimwa kwa hilo.

Sasa jambo la maji. Mtu wa bara huenda asilielewe, kwa hivyo naeleza.

Nyumba nyingi za Kisauni zina maji ya aina mbili. Kuna maji ya kisima, ya chumvi, ya kuogea, kufulia na kupigia deki. Na kuna maji matamu, yanayonunuliwa kwa mtungi kutoka kwa wenye mikokoteni, ya kunywa, ya chai na ya kupikia. Ukionekana unaosha miguu kwa maji matamu utaulizwa kama kichwa ki sawa.

Sasa wewe mwanamume mzima uchukue jagi la maji matamu ukalitie kwenye rejeta? Mbele ya mama mkwe?

Kwa hivyo rejeta ilikunywa kisima. Miaka yote.

Mtauliza, coolant je, ile dawa ya rangi inayotiwa kwenye rejeta? Wakuu, mimi niliamini coolant ni ya watu wanaoishi kwenye baridi. Huku kwetu maji yagandishwe na nini? Fundi niliyekuwa naye zamani alinikubalia kabisa. Siku moja akaichomoa themostati, kile kidude kinachozuia maji mpaka injini ipate moto, akaninyanyulia mbele ya macho, akasema "hii ni ya nchi za theluji, hapa yakupa moto bure", akaitupa. Nikamshukuru. Nikamlipa pia.

Gari likaanza kunywa maji. Kwanza kikombe kwa wiki, halafu kikombe kwa siku, halafu jagi. Mimi nikawa natia tu. Mtu huzoea.

Siku lilipokufa nilikuwa ndani, kwa sababu nilikuwa na zamu ya jioni. Tulikuwa Kibarani, tumeshavuka Makupa, masufuria nyuma yamefungwa kwa kanga. Mshale wa joto ukapanda ukagonga mwisho. Gari likapoteza nguvu, likaanza kugonga kama mtu anayepiga mlango kwa hasira, halafu kimya. Moshi mweupe ukatufunika.

Mwanahamisi hakupiga kelele. Alishuka, akasimamisha tuktuk, akaanza kuhamisha masufuria.

Nikamwambia, "Ngoja kidogo lipoe, nitie maji."

Akasema, "Baba Salim, wewe baki na gari lako. Mimi nina watu wenye njaa."

Akaenda. Chakula kilifika. Mimi nikavutwa kwa kamba mpaka Magongo, kwa fundi Charo.

Charo ni mtu wa Kaloleni, mnene, mcheshi, gereji yake iko uwanjani nyuma ya maduka. Nilipewa jina lake na wenzangu wa yadi. Yeye huniita Karani. Aliizungusha injini kwa mkono, akapima compression, ile nguvu ya kubana hewa, silinda mbili hazina kitu. Akaniambia nina njia mbili. Ninunue injini ya mtumba iliyotoka nje, aifunge siku moja. Au afungue hii, aijenge upya.

Nikamuuliza, "Wewe ungefanya lipi?"

Akacheka. "Karani, usiniulize mimi. Ukinunua injini, mwenye duka hunipa chai. Ukiniambia nijenge hii, napata jasho tu. Kwa hivyo mimi nakwambia nunua injini. Sasa ushajua kwa nini nakwambia."

Fundi anayesema hivyo, wakuu, usimwache.

Jioni hiyo hiyo tulikaa mimi na Mwanahamisi kupanga. Hapa ndipo nataka wale wenye magari ya zamani wasome polepole.

Jambo la kwanza aliloniambia halikuwa la vipuri. Lilikuwa la tuktuk. Tuktuk ya kwenda na kurudi Chaani kila siku, na masufuria, ingekula faida yake yote. Angekuwa anapika bure. Akasema, "Hivi naweza kubeba mpaka mwezi uishe. Ukiisha, nawapigia simu wampe mwengine. Sitapika kwa hasara."

Hiyo ndiyo ikawa gharama ya kwanza kwenye bajeti, na ndiyo watu wengi huisahau: kila siku gari linapolala gereji, kuna mtu analipa.

Halafu nikagawa pesa mafungu manne.

Fungu la kwanza, kufungua na kupima tu. Nilikubaliana na Charo kwamba nitamlipa kazi ya kufungua hata kama mwishowe nitasema basi. Ukimpa fundi kazi nzima kabla injini haijafunguliwa, anakupa bei ya kubahatisha na wewe unaishika kama ahadi.

La pili, karakana ya mashine, wale wanaochonga block, mwili wa injini, na kusawazisha head, kichwa chake. La tatu, vipuri: pistoni, ringi, beringi, gasketi, pampu ya oili.

La nne ni la nisichokijua. Theluthi ya jumla. Halina jina, haliguswi.

Shemeji yangu Athmani, kaka yake Mwanahamisi, alipita akatukuta. Yeye ana maoni kwa kila kitu. Akasikiliza lile la nne akacheka mpaka akakaa chini. "Shemeji, hii bajeti ya majini! Umemwekea fungu mtu usiyemjua!"

"Ndiye anayekuja daima," nikamwambia.

"Liuze hilo gari, mnunue friji."

"Friji itabeba wali mpaka Chaani?" Mwanahamisi akauliza. Athmani akaomba maji ya kunywa.

Kabla ya kufungua, nilikwenda kuona hiyo injini ya mtumba. Duka liko pembeni mwa barabara ya Magongo, injini zimepangwa kama mabuyu. Ile ya gari langu ilikuwa imeoshwa, inang'aa. Bei yake elfu themanini, bila kufunga. Nyingi, lakini si mbali na makadirio ya kujenga yangu, na ingemaliza shida kwa siku moja. Kusema kweli nilikuwa nimeshaanza kuishawishi nafsi.

Nikamuuliza muuzaji waranti. "Ikiwaka hapa, imewaka," akasema.

Sasa, ubavuni mwa block ya injini kuna vile vifuniko vidogo vya duara, kama kifuniko cha kopo, vimepigwa ndani. Nyuma yake ndipo maji yanapopita. Nikamwomba anitolee kimoja nichungulie, nitamlipia kipya.

Akaniangalia. "Boss, hiki ukikitoa, umenunua."

"Nataka kuona ndani tu."

"Ndani kuna injini. Umekuja kununua au umekuja kupiga picha?"

Sikusema naye zaidi. Huenda injini yake ilikuwa nzima, sina ushahidi wowote kwamba haikuwa. Lakini mimi nilikuwa nayo tayari injini nisiyoijua ndani. Sikuhitaji ya pili. Nikampigia simu Charo nikamwambia fungua.

Wakuu, niliomba ruhusa kazini nikawepo alipofungua. Nawashauri mfanye hivyo.

Head ilipotoka, gasketi ilikuwa imeliwa kati ya silinda ya pili na ya tatu. Hilo alilitarajia. Kisha akageukia ubavu wa block, akagonga kifuniko kimoja kwa bisibisi ili akitoe. Bisibisi ikaingia yote. Kile chuma kilikuwa kimebaki rangi tu.

Yakatoka matope ya kutu, mazito kama uji, rangi ya tofali. Na nyuma ya matope, kwenye kuta, kulikuwa na ukoko mweupe. Charo akaukwangua kwa ukucha, akauweka kwenye ulimi.

"We!" nikasema.

Akatema. "Chumvi hii, Karani. Ungeleta mchele tungepika humu humu." Halafu akaacha kucheka. "Maji watoa wapi?"

Nikaliona lile jagi la plastiki la kijani, na kisima, na mimi kila asubuhi nikitia na kupiga mluzi.

Nilikata shauri kwamba habari hii ibaki Magongo. Lakini nilimwambia Mwanahamisi, na Athmani alikuwa amekaa barazani akisikia. Siku iliyofuata, wakati wa chakula, akamwambia mamake kwa sauti ya redio: "Mama, kisima chako kimeua gari la shemeji."

Lazima mjue kile kisima ni nini kwa Bi Zuhura. Marehemu mumewe alikichimba. Mtaa ukikosa maji ya mfereji, majirani wote huja na ndoo zao, na hajawahi kumtoza mtu hata shilingi. Ni sadaka ya mumewe inayoendelea. Kukisema vibaya ni kumsema marehemu.

Hakunijibu salamu siku hiyo wala iliyofuata. Halafu siku ya tatu, baada ya Alasiri, akatuma mtu aniite.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Njoo uketi."

Nikaketi. Mbele yangu akaweka kikombe cha chai ya rangi, kwenye kikombe kizuri, vile vya wageni.

"Kunywa, baba."

Nikaonja. Subhanallah. Ilikuwa chai yenye tangawizi, iliki, sukari, na bahari.

"Nimeipika kwa maji ya kisima," akasema. "Kisima hiki kimeogesha watoto wa mtaa huu wote. Kimeosha maiti. Leo nasikia chaitwa muuaji. Kunywa basi. Ukifa, tutajua ni kweli."

"Mama, wallahi mimi sikusema..."

"Kunywa."

Nikanywa mpaka chini. Naye alikuwa na kikombe chake, akakinywa chote na uso haukukunjika hata kidogo. Mwanahamisi alikuwa mlangoni, mtandio mdomoni, mabega yanatetemeka. Nilidhani analia kwa aibu. Alikuwa anacheka.

Mama mkwe akaondoa vikombe. "Haya. Hujafa. Nenda kajenge gari lako."

Tuendelee na kazi.

Block na head zilipelekwa kwenye karakana ya mashine ya Bwana Swaleh, hapo hapo Changamwe. Swaleh ni mtu wa maneno machache na bei isiyoshuka. Alipima silinda moja moja, akanionyesha. Tatu zilikuwa zimelika kawaida, zingepanuliwa kidogo na kuwekewa pistoni kubwa zaidi. Ile iliyobaki, namba tatu, ilikuwa na tatizo jengine. Chumvi ilikuwa imekula ukuta kutoka upande wa maji, na upande wa juu ukuta umebaki mwembamba. Ukiipanua, utatokea kwenye njia ya maji.

"Kwa hivyo imekwisha?" nikauliza.

"Sijasema imekwisha. Nimesema haipanuki. Nitaichonga kabisa niiingize sleeve." Sleeve ni bomba la chuma, linapigwa ndani, linakuwa ukuta mpya. "Nikimaliza nitaifunga, niijaribu kwa presha ya maji. Ikivuja, hunilipi. Isipovuja, usinililie."

Sleeve haikuwa kwenye bajeti. Ikatoka fungu la nne. Kisha mashimo ya kutu kwenye head yakahitaji kujazwa kwa kuchomelea kabla ya kusawazishwa. Fungu la nne. Yule mtu wa Athmani asiye na jina alikuwa amefika, na alikuja na jamaa zake.

Kwa Swaleh kulikuwa na foleni pia, na mwezi ulikuwa unakwenda. Kila jioni Mwanahamisi alinieleza tuktuk ya leo ilikuwaje. Siku moja dereva alichukua njia ya mkato akatumbukia kwenye shimo, sufuria la maharagwe likamwagika nusu. Wafanyakazi wakala wali na mchicha. Msimamizi akamwambia kwa upole, "Mama, gari lako litatoka lini?" Huo upole ndio uliotutisha.

Ikabaki rejeta.

Rejeta ilikuwa imeziba kwa chumvi zaidi ya nusu. Charo alisema anaweza kuitoboatoboa na waya na kuiosha, au tununue mpya. Pesa zilizobaki zilitosha rejeta ya kuoshwa. Za mpya hazikuwepo. Mimi nilikuwa tayari kuiosha. Nilikuwa nimechoka, nilitaka gari liwake tu.

Mwanahamisi akaniuliza swali moja. "Hiyo chumvi ikibaki kidogo kwenye rejeta, itakwenda wapi?"

"Kwenye injini."

"Injini uliyojenga kwa pesa zetu zote."

Akaingia ndani akatoka na pesa alizokuwa akiweka kwa ajili ya jiko kubwa la gesi. Alikuwa amelipigia hesabu tangu mwaka uliopita, aache kuni, macho yapumzike na moshi. Akanipa.

"Macho yangu yamezoea," akasema. "Na ukitia tena maji ya kisima, mimi ndiye nitakayekuua, si kisima."

Tukanunua rejeta mpya, mipira mipya, themostati mpya, na coolant iliyochanganywa tayari. Kwa jumla, wakuu, nilipofunga hesabu ilikuwa elfu tisini na kitu. Zaidi ya injini ya mtumba, ndiyo. Sitawaficha.

Jaribio la presha lilipita. Swaleh aliniita nione mwenyewe. Block imefungwa, maji ndani, mshale wa presha umesimama. Tukakaa tukiuangalia pamoja kama watu wanaotazama mpira. Haukushuka. Nikamlipa, sikulia.

Charo akafunga injini. Jumamosi asubuhi ndiyo ilikuwa siku ya kuwasha. Mwezi ulikuwa umebakisha siku chache. Tulikwenda mimi na Mwanahamisi.

Tulipofika Magongo, nyuma yetu ikasimama tuktuk, akashuka Bi Zuhura na buibui lake, akifuatwa na Athmani amebeba mtungi wa maji. Hakuna aliyekuwa amemwalika.

"Shikamoo, mama," Charo akasema, akifuta mikono.

"Marahaba, fundi. Nimeleta maji matamu. Nimeyanunua. Nimesikia huyu mgonjwa wenu hanywi ya kisima."

Charo akaniangalia. Coolant ilikuwa tayari, maji hayakuhitajika. Lakini ana akili. Akasema, "Afadhali umeleta, mama. Twahitaji ya kusuuzia kwanza." Akasuuza njia zote za maji kwa mtungi wa mama mkwe, taratibu, kwa heshima, kama anayetawadhisha. Kisha akamwaga, akatia coolant.

Bi Zuhura akanigeukia. "Sikusema kisima kibaya."

"Hapana, mama."

"Gari lako ndilo lenye madeko."

"Ni kweli, mama."

Charo akazungusha injini kwanza bila plagi, ili oili ipande. Taa ya oili ikazima. Akarudisha plagi, akaniita niwashe mwenyewe. Nikamwambia Mwanahamisi awashe yeye, gari ni lake zaidi kuliko langu. Akaketi, akasema Bismillah, akapiga ufunguo.

Ikazunguka. Ikazunguka. Ikakohoa. Moshi wa oili ukatoka nyuma, Athmani akaruka. Halafu ikashika.

Si kwa kelele. Ikashika na kutulia, ikaunguruma polepole, sauti moja. Mimi nilikuwa nauangalia mshale wa joto kupitia dirishani. Ukapanda mpaka katikati, themostati ikafunguka, ukakaa pale pale. Tuliiacha iendelee muda mrefu, feni ikawaka ikazima, ikawaka ikazima. Mshale haukutikisika.

Mwanahamisi aliweka paji la uso kwenye usukani. Safari hii alikuwa analia, na akicheka pia.

"Haya basi," Bi Zuhura akasema. "Nipeni lifti. Pesa za tuktuk zimeisha."

Jumatatu wali ulifika Chaani wa moto, kabla ya wakati, hata msimamizi akauliza kama saa yake imekosea. Kazi tukabaki nayo. Tumemaliza kipindi cha kuizoeza injini, mwendo wa pole, hakuna kuvuta gia, oili ya kwanza tukaimwaga mapema na ilikuwa safi, haina vipande. Compression ya silinda zote nne iko karibu sawa. Nalala usingizi, wakuu. Sikujua kama nilikuwa silali mpaka nilipoanza kulala.

Nilichojifunza nitakisema kwa ufupi.

Usipange bajeti ya injini usiyoifungua. Lipia kufungua, angalia, halafu kata shauri. Weka fungu la usichokijua na usilione kama ziada, maana litatumika. Hesabu gharama ya kuishi bila gari, hata ikibidi uandike jina la anayeilipa. Usijenge injini mpya ukaifunga kwenye rejeta ya zamani. Na kama uko Pwani, onja maji unayoyatia kwenye gari. Kama huwezi kuyanywa, nalo hali kadhalika. Coolant haiko kwa ajili ya baridi tu, iko kwa ajili ya kutu.

Je, ningenunua injini ya mtumba ningekuwa nimeokoa pesa? Pengine. Wenye uzoefu mtanieleza, na msinionee haya.

Lakini kuna jambo moja, na ndilo hasa nataka msaada wenu.

Tangu wiki ya pili, coolant kwenye chupa inashuka. Si sana. Upana wa kidole, wiki hadi wiki. Chini ya gari pakavu, nimeweka boksi usiku kucha halina tone. Mipira mikavu. Oili haijawa na rangi ya maziwa, kwa hivyo maji hayajaingia humo. Moshi mweupe hakuna. Mshale uko pale pale katikati.

Charo anasema ni hewa iliyobaki ndani inatoka, nisubiri. Swaleh aliniuliza inashuka zaidi injini ikiwa moto au ikiwa baridi, nikamjibu sijui, akasema nikalijue hilo kwanza, ndipo tuzungumze habari ya sleeve. Mwanahamisi anaendesha kama kawaida, na mimi sijamwambia.

Waliowahi kuwekewa sleeve, hii ni kawaida? Au nianze kutenga fungu jengine?

Leo asubuhi nimeangalia tena. Imeshuka.